Moyo ulipiga 68, mgongo ukaonekana mwongo

Mhariri wetu aliniomba niandike chochote "cha sayansi" kwa toleo hili, na mimi nilikuwa nimepanga kuandika mambo ya kompyuta. Lakini kuna jambo linanikereketa tangu mwaka juzi, kwa hiyo mnivumilie, leo naanza na mgongo wangu.

Ilikuwa Novemba, saa tisa za usiku. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika idara ya dharura ya hospitali moja huku kaskazini mwa Uingereza, nimeinamia upande mmoja kama mnazi uliopigwa na kusi. Nesi akanifunga presha, akanibana kidole kwa kile kidude chenye taa nyekundu, kisha akaniuliza lile swali ambalo kila aliyewahi kuugua ughaibuni analijua: kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi? Nikasema nane. Akatazama kioo cha mashine, akanitazama mimi. Mapigo ya moyo 68. Presha nzuri kuliko yake, alisema mwenyewe huku akitabasamu. "Umetulia sana kwa mtu mwenye nane."

Nikapewa paracetamol na karatasi ya mazoezi. Wiki mbili baadaye nikaona nakala ya barua iliyokwenda kwa GP wangu. Imeandikwa kwamba mgonjwa anadai maumivu ya nane kwa kumi, vipimo vyote ni vya kawaida, anazungumza bila shida. Anadai! Jamani, mimi nilizungumza bila shida kwa sababu nimelelewa Tanga na bibi ambaye ukilia hovyo anakuuliza, "Kwani umefiwa?" Kwetu mtu mzima anajikaza. Sikujua kwamba huku kujikaza kunaandikwa kwenye faili kama ushahidi dhidi yako.

Mgongo wenyewe niliupata kwa njia ambayo wengi wenu mnaijua. Mwaka wa kwanza nilikuwa nabeba maboksi, na hapa sisemi kwa utani wetu ule wa "wabeba boksi", nasema maboksi ya kweli, ghalani, shifti ya usiku, zile saa 20 kwa wiki tunazoruhusiwa wenye viza ya masomo. Siku moja nikainama kuchukua boksi la sabuni, nikasikia kitu kinakatika kiunoni kama kamba. Nikaambiwa ni msuli tu, wiki sita utapona. Wiki sita zikapita, miezi mitatu ikapita. Yakishavuka miezi mitatu maumivu hubadilishwa jina, yanaitwa sugu, na mwenye nayo naye huanza kutazamwa kwa jicho jingine.

Sasa kinachonifanya niandike ni hiki. Mimi nasoma uhandisi wa vifaa vya tiba. Katika fani yetu kuna mbio kubwa ya kutafuta mashine itakayosoma maumivu mwilini moja kwa moja, bila kumuuliza mgonjwa: kwenye mapigo ya moyo, kwenye jasho la ngozi, kwenye mboni ya jicho, kwenye umeme wa ubongo. Sababu inayotolewa ni nzuri, kwamba tutajua kama tiba inafanya kazi au tunapoteza dawa na pesa. Naiunga mkono kazi hiyo, na ninataka kuifanya mwenyewe nikimaliza. Lakini nasema mapema ili tusizungushane: mashine hiyo ikija kupimia kama tiba inamsaidia mtu, karibu. Ikija kuamua kama mtu anasema kweli, mimi naikataa, na nadhani sisi Waafrika tunaoishi huku tuna sababu za ziada za kuikataa.

Kwanza niwaeleze kwa nini moyo wangu ulipiga 68. Ukikanyaga msumari, mwili hupiga kelele: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, jasho linatoka, mboni zinatanuka. Hiyo ni kengele ya hatari. Lakini kengele haiwezi kulia miezi kumi na minne mfululizo. Mwili unazoea, kelele zinashuka, maumivu yanabaki palepale. Ndiyo maana mtu mwenye maumivu sugu anaweza kukaa mbele yako, mapigo yake mazuri, hata anacheka, na ndani anaungua. Hili si siri, tunafundishwa darasani. Nesi yule alitumia kipimo cha msumari kupima mgongo wa mwaka na zaidi.

Mwaka jana maabara moja ilitangaza inatafuta watu wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Malipo kidogo, chai na biskuti juu yao. Nikaenda, nusu kwa pesa, nusu kwa umbeya wa kitaaluma.

Walinibandika vitu kama mti wa Krismasi. Kifuani waya za kusoma moyo. Hawakutaka idadi ya mapigo tu, walitaka kujua nafasi kati ya pigo na pigo inavyobadilika, maana moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani; unaharakisha kidogo ukivuta pumzi, unapunguza ukiitoa. Kwa wastani, watu wenye maumivu sugu mabadiliko hayo huwa madogo zaidi. Vidoleni waliweka vibati viwili vya kupitisha umeme mdogo sana kupima jasho. Kwenye mkono, saa ya kuhesabu hatua na usingizi. Kichwani ndipo pakawa na kioja.

Ile kofia ya kupima umeme wa ubongo inataka vifundo vyake viguse ngozi ya kichwa. Mimi nilikuwa nimesuka rasta, na chini yake nywele zangu mwenyewe, nene, alhamdulillahi. Kijana wa maabara akasukuma, akapaka jeli, akasukuma tena. Mistari kwenye kompyuta ikawa inacheza kama redio isiyoshika stesheni. Mwisho akaniambia kwa adabu zote kwamba data zangu za ubongo "haziwezi kutumika", labda siku nyingine nije nimefumua. Nikamuuliza, watu wangapi wameshaondolewa hivi? Akasema hawaandiki sababu, wanaandika tu kwamba ishara ni mbaya.

Fikirieni hapo kidogo. Mashine inafundishwa kutambua maumivu kwa kutumia watu waliobaki kwenye data. Wenye nywele kama zangu wametoka mlangoni. Kwenye kipimo cha jasho pia yapo maneno: watafiti wameona kwamba ukitupa watu ambao ngozi yao haionyeshi mabadiliko makubwa ya umeme, unawatupa weusi wengi kuliko weupe. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ila baada ya miaka mitano mashine itauzwa, itapelekwa hospitali ya mtaa wako, na itakuwa haijawahi kukutana na kichwa kama chako.

Msidhani natunga mkasa wa kuogofya. Kile kidude cha taa nyekundu nilichobanwa kidoleni kimeshatufanyia hivyo. Desemba 2020, wakati wa korona, watafiti wa Michigan walilinganisha kidude hicho na kipimo cha damu yenyewe. Kwa wagonjwa ambao kidude kilionyesha oksijeni yao ni asilimia 92 hadi 96, yaani wako sawa, damu ilionyesha iko chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi. Kwa weupe ilikuwa 3.6. Rangi ya ngozi inaingilia ile taa. Na dosari hiyo ilikuwa imeshaandikwa tangu 1990. Miaka 30 watu wanapimwa na kuambiwa wako salama!

Hapo ndipo nilipogombana na rafiki yangu, na kusema kweli ugomvi ule ndio uliozaa makala hii.

Yeye ni dada wa Mombasa, anasoma uhasibu, ana selimundu. Mnaojua siko seli mnajua: zile chembe za damu zinajikunja, zinaziba mishipa midogo, na maumivu yake hayana mfano. Wengi wao yakishakomaa huwa hayasubiri kipindi cha kuzidiwa, yanakaa kila siku. Nilimweleza msimamo wangu tukiwa jikoni, nikidhani ataniunga mkono. Akaweka mwiko chini.

"Sikiza nikwambie. Wewe umeambiwa unadai mara moja tu, ushaandika makala. Mimi kila nikienda naonekana nimefuata morfini. Naulizwa mara ngapi nimekuja mwezi huu, kama mlevi baa. Hiyo mashine mimi naitaka hata kesho. Ikitoa namba, nitamwonyesha daktari namba, mambo yaishe."

Nilinyamaza. Kwa sababu ana haki. Novemba 2021 kundi la wabunge wa hapa Uingereza lilitoa ripoti kuhusu selimundu, na kichwa chake kwa lugha yetu ni kama "Hakuna anayesikiliza". Mwongozo wa hapa unasema mgonjwa wa selimundu aliyezidiwa apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu afike. Ripoti ikaeleza watu waliokaa masaa, walioshukiwa, waliolazimika kuwafundisha wauguzi ugonjwa wao wenyewe huku wakijinyonganyonga. Na kule Marekani, mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari walio mafunzoni, weupe 222, kuhusu tofauti za miili. Karibu nusu waliamini angalau uongo mmoja, kama kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi. Walioamini zaidi ndio waliokadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo.

Kwa hiyo mtu anayesema "heri mashine kuliko jicho la binadamu" hasemi upuuzi. Binadamu ndiye aliyemwita mwongo.

Nikarudi chumbani, nikasoma usiku kucha (mtihani wa hisabati ulikuwa kesho yake, tusiuzungumzie). Nikapata kitu ambacho nadhani kinatupatanisha mimi na yeye.

Ni habari ya magoti. Kwa muda mrefu imejulikana Marekani kwamba wagonjwa weusi wenye ugonjwa wa viungo vya goti wanasema wanaumia zaidi ya weupe wenye picha ya eksirei ileile. Madaktari wengi walifikiri tofauti iko kichwani, kwenye mawazo, kwenye shida za maisha, popote isipokuwa gotini. Eksirei yenyewe husomwa kwa ngazi zilizotungwa na Kellgren na Lawrence mwaka 1957, kwa kuwaangalia Waingereza weupe. Sasa mwaka 2021 watafiti wakiwemo Emma Pierson na Ziad Obermeyer walifanya jambo rahisi ambalo halikuwa limefanywa. Badala ya kuifundisha kompyuta isome picha kama daktari anavyoisoma, waliifundisha itafute kwenye picha kile ambacho mgonjwa mwenyewe amekisema: naumia kiasi hiki. Na wakahakikisha picha za watu weusi na za maskini zimo. Ngazi za zamani zilieleza asilimia 9 tu ya tofauti ya maumivu kati ya weusi na weupe. Kompyuta ilieleza 43. Yaani kitu kilikuwapo gotini miaka yote, ila kipimo hakikufundishwa kukitazama.

Eksirei si mapigo ya moyo, najua, na profesa wangu akisoma hapa atanikosoa. Lakini funzo ni lilelile. Mashine iliyosaidia ni ile iliyoanza kwa kuamini mdomo wa mgonjwa.

Na si kwa magoti tu. Kuna kazi ilichapishwa 2023 na kundi la Prasad Shirvalkar wa San Francisco. Waliwawekea watu wanne wenye maumivu sugu, watatu baada ya kiharusi na mmoja aliyekatwa mguu, nyaya ndani kabisa ya ubongo. Wakarudi makwao. Kwa miezi kadhaa, mara kadhaa kwa siku, kila mmoja alibonyeza kitufe ubongo ukarekodiwa, papo hapo akajibu maswali: unaumia kiasi gani sasa? Baadaye kompyuta ikaweza kukisia kutoka kwenye ishara za ubongo lini maumivu ni makali. Magazeti yakaandika maumivu yameonekana kwa mara ya kwanza. Lakini angalieni nani alikuwa mwalimu. Bila yale majibu ya wagonjwa, ile mistari ingekuwa mistari tu. Na ishara za mtu mmoja hazikufanana kabisa na za mwingine, kila mtu alihitaji kompyuta ijifunze kwake peke yake.

Linganisheni na ile kazi maarufu ya Tor Wager ya 2013, ya picha za ubongo, ambayo iliweza kutofautisha joto linalochoma na joto la kawaida kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Nzuri sana. Ila walikuwa watu wazima wa afya, 114 kwa jumla, wanachomwa kidogo mkononi. Huo ni msumari tena. Mwaka 2017 jopo la chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu lilikaa likatoa kauli kwamba picha za ubongo zisitumike kuthibitisha wala kupinga dai la mtu kwamba ana maumivu sugu. Likasema ziwe za kuelewa ugonjwa na kutafuta dawa. Mimi nasimama hapohapo walipo.

Sasa tuje kwenye tiba, maana huko ndiko ishara hizi zina faida, na huko pia ndiko zina mtego ambao hausemwi.

Baada ya safari nyingi GP wangu alinipa amitriptyline. Ni dawa ya zamani ya mfadhaiko, ila kwa dozi ndogo inatumika kwa maumivu. Mwongozo wa Uingereza wa 2021 kwa yale maumivu sugu yasiyoelezeka kwa ugonjwa mwingine unapendekeza dawa za jamii hiyo, mazoezi na tiba ya mazungumzo, na unasema usimwanzishie mtu paracetamol wala dawa za jamii ya morfini. (Ile paracetamol ya saa tisa usiku naisamehe.) Nikaanza kuimeza kila usiku. Mdomo ukawa mkavu kama nimefunga. Baada ya wiki tano nikaanza kulala.

Na nikarudi maabara, kwa sababu utafiti ulikuwa wa kurudiarudia. Yule kijana akaniambia kwa huzuni kwamba moyo wangu "haujaboreka". Mabadiliko kati ya pigo na pigo yamepungua zaidi, na mapigo yamepanda. Lakini jasho limeshuka, kwa hiyo ngozi inaonyesha nimetulia. Sasa ipi ni kweli? Hakuna! Amitriptyline yenyewe inaharakisha moyo, inapunguza yale mabadiliko, na inakausha jasho kama inavyokausha mate. Dawa ilikuwa inagusa kipimo moja kwa moja, hata kama mgongo ungebaki vilevile. Na si hiyo tu. Dawa fulani za presha zinapunguza kasi ya moyo. Morfini na ndugu zake zinabana mboni ya jicho. Halafu kuna mtihani, kuna kahawa, kuna kukosa usingizi, kuna barua ya viza. Yote hayo yanauchezesha mfumo uleule tunaousoma na kuuita maumivu.

Saa ya mkononi ndiyo iliyosema kitu. Kabla ya dawa nilikuwa naamka mara nne, mara tano usiku. Baada ya wiki tano, mara moja. Hatua zangu kwa siku ziliongezeka, na nilianza tena kupanda ngazi za maktaba badala ya lifti. Namba yangu ya mdomo ilishuka kutoka saba mpaka sita tu. Daktari anayetazama namba peke yake angesema dawa imeshindwa. Mimi nilipoona usingizi wangu umechorwa kwenye karatasi, nilikubali kuendelea nayo, na nisingekubali vinginevyo. Hapo mashine ilikuwa rafiki. Ilinilinganisha mimi na mimi, jana na leo, na mimi nilikuwepo mezani kueleza. Haikunilinganisha na wastani wa watu nisiowajua ili kuona kama nastahili.

Ipo hata teknolojia iliyokwenda mbali zaidi. Kuna kifaa kinachowekwa karibu na uti wa mgongo, kinatuma umeme mdogo wa kutuliza maumivu. Cha zamani kinatuma kiasi kilekile, ukikohoa au ukigeuka kinakuzidia au kinakupungukia. Kipya kinasikiliza jinsi neva zilivyojibu kila umeme unapopita, kinajirekebisha papo hapo. Jaribio lake lilitolewa 2020, watu 134, nusu kipya, nusu cha kawaida, bila wao kujua. Baada ya mwaka, waliopata nafuu ya nusu au zaidi walikuwa zaidi ya 8 kati ya 10 kwa kipya, na kama 6 kati ya 10 kwa cha zamani. Hiyo ndiyo ishara ya mwili ikitumika vizuri: inaongoza kifaa, haimhukumu mtu. Na hiyo nafuu yenyewe waliijuaje? Waliwauliza wagonjwa.

Kwa hiyo nilipomrudia dada wa Mombasa nilimwambia hivi: mashine unayoitaka, ile ya kumwonyesha daktari namba, inakupa ushindi siku ikikubaliana na wewe. Siku isipokubaliana, utakuwa umemkabidhi panga. Atasema hata kompyuta imesema huumwi. Akafikiri, akasema, "Basi tengenezeni ambayo imejifunza kwa watu wa selimundu." Kule Duke, North Carolina, wameshaanza kuwavisha wagonjwa wa selimundu saa za mkononi na kufuatilia maumivu wanayoyaandika wenyewe kwenye simu. Kazi ndogo bado. Na Tanzania, ambako kila mwaka wanazaliwa watoto wapatao 11,000 na ugonjwa huu, na Muhimbili wakina Profesa Julie Makani wamewafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi, sioni kwa nini kazi kubwa ya namna hiyo isifanywe kwetu, kwa wino wetu.

Kwa wino wetu nasema kwa maana. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Montreal alitoa orodha ya maneno 78 ya maumivu ili wagonjwa wachague, kwa sababu aliona namba haitoshi. Sasa chukueni mgongo wangu. Asubuhi unakaza. Nikikaa darasani unafukuta. Usiku unawanga. Baridi ikiingia unachoma mpaka pajani, halafu mguu unakufa ganzi. Hayo si maneno ya urembo, ni taarifa. Kichomi si msokoto, na kidonda kinachochonyota si jino linalopwita. Mimi nikiulizwa kwa Kiingereza nasema "nane". Wenzetu wa tiba shufaa huko nyumbani wanatumia vidole vitano vya mkono, ngumi ikiwa hakuna maumivu na kiganja wazi yakiwa makali kabisa, na muuguzi anakaa na wewe kwa lugha yako. Uganda wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuandika morfini tangu 2004. Hawana zile waya za kifuani, ila wanaanza kwa kumwamini mtu.

Najua baadhi yenu mtaniambia, dada, basi tususie hizi tafiti zao. Hapana jamani. Tukisusia ndiyo tunajifuta kabisa. Mimi ningependa tujae humo, tukiwa na maswali. Wangapi wameondolewa na kwa nini? Nani atapewa namba zangu, je bima? Je mwajiri? Mashine ikinipinga, nani anasikilizwa? Wanaosoma sheria kati yenu, hilo la mwajiri naliacha mikononi mwenu, maana ghala lile nililoumia lingefurahi sana kupata karatasi yenye 68.

Na kuhusu nywele: mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Carnegie Mellon, Pittsburgh, walionyesha kwamba ukisuka mistari kufuata sehemu za vipimo, halafu ukatumia vifundo vilivyoumbwa kukaa katikati ya mistari, ishara inakuja safi. Nilimpelekea yule kijana wa maabara makala yao. Hakuwa ameisikia. Akaomba samahani, akaagiza vifundo, akaniuliza kama ninamjua mtu anayejua kusuka.

Alhamisi ijayo narudi. Dada wa Mombasa atanisuka Jumatano usiku, twende kilioni ya kawaida, mistari imenyooka, kipimo cha rula mkononi. Amekubali na yeye kujiandikisha, kwa sharti kwamba shajara ya maumivu aijaze kwa Kiswahili. Maabara wamesema sawa, lakini wanahitaji mtu wa kuwaeleza tofauti kati ya kuwanga na kufukuta. Anayetaka kazi hiyo aje tuonane kwenye mkutano wa jumuiya, kuna chai na biskuti.